Maneno ya Kabatini

Ukitaka kuchoma korosho kama alivyochoma bibi yangu, tafuta kwanza debe bovu. Debe zima halifai, utalionea huruma. Bibi alilipasua likawa bapa, akalitoboa matundu kwa msumari, akalitandika juu ya mafiga, kisha akamwaga korosho na maganda yake. Ganda la korosho lina mafuta makali. Moto ukiyashika unaruka juu kama mtu aliyetukaniwa mama, moshi unakuwa mweusi, na sisi watoto tunarudi nyuma tumejifunika kanga usoni. Hapo ndipo korosho zinapoanza kutema. Tone likikupata shavuni utatembea na alama mpaka mvua za mwaka wa pili. Mimi ninayo moja hapa chini ya sikio. Marehemu mume wangu alikaa nayo miaka mingi akidhani ni chanjo, na mimi sikumsahihisha, maana mtu akishakuonea huruma kwa kitu fulani, mwache aendelee.

Zikishaungua vya kutosha bibi anazizika kwa mchanga, moto unakufa, halafu tunakaa chini na mawe yetu kuzipasua moja moja. Mikono inakuwa myeusi wiki nzima, sabuni haioni ndani. Na sheria ya bibi ilikuwa moja tu: hakuna mkono kugusa ungo mpaka korosho ya mwisho ipasuliwe. Hata babu hakuthubutu. Alikuwa anapita pembeni anakohoa.

Hii ilikuwa Chole. Nikisema Chole hapa Visiga ninapoishi sasa, watu wananiuliza habari za mashua na papa. Jamani, si Chole ile ya kisiwani. Chole yangu iko Kisarawe, bahari huko tuliisikia kwa wageni. Sisi tulikuwa na mihogo, mikorosho, mabungo ya msituni yanayokausha ulimi, na barabara ya mchanga ambayo gari likipita leo, kesho bado tunalizungumza.

Sasa siku moja tumekaa hivyohivyo na ungo umejaa, akatokea mwanamume hatumjui. Shati jeupe limepigwa pasi mpaka lina makali, suruali fupi, sanduku la bati begani. Hakubisha hodi. Aliinama, akachota korosho ngumi nzima kutoka kwenye ungo wa bibi, akazitia mdomoni zote, akatafuna huku anatutazama. Mimi nilifumba macho. Nilijua nikiyafumbua yule mtu hayuko duniani.

Bibi akamuuliza polepole, "Wewe umetokea wapi?"

"Tabora."

Bibi akapiga ardhi kwa kiganja, akacheka mpaka kitambaa kikamvuka kichwani. "Mnyamwezi! Ningejua mwenyewe. Babu yako alipita hapa na pembe za ndovu za watu kichwani, akamwibia babu yangu muhogo."

"Na ulikuwa muhogo mchungu," akasema yule mtu, mdomo umejaa. "Ulimwua palepale. Nimekuja kudai maiti."

Basi wakawa watani kuanzia hapo. Wajukuu zangu hili hawalijui, kwa hiyo nalieleza hata kama wewe unalijua. Mzaramo na Mnyamwezi wana utani wa tangu misafara. Mtani anachukua chako mbele ya macho yako na huna ruhusa ya kununa. Anakutukana, unamtukana zaidi. Ukifiwa anakuja kulala kwenye jeneza la mtu wako anakataa kutoka mpaka mumpe kitu, na waliokuwa wanalia wanajikuta wanacheka. Na akishakamata kitu chako hukiombi kwa upole. Unakikomboa kwa anachotaka yeye, au unakiacha.

Yule mtu ndiye alikuwa mwalimu wetu mpya wa Kiingereza.

Kilichonifanya nimkumbuke ni mjukuu wangu. Juma lililopita mama yake alikuwa kazini Dar, mimi nachambua mchele barazani, yeye kajaza madaftari miguuni pangu anakuna kichwa. Wana somo, kuna vitenzi vya Kiingereza ambavyo havitaki kuvikwa mkia ule wa ing. Kitabu chake kinaviita kwa jina refu nisiloweza kulirudia. Orodha ni ndefu kama ya harusi, na ameambiwa avikariri vyote. Nikamwambia nisomee. Akasoma moja. Nikasema hilo la kabatini. Akasoma la pili. Nikasema hilo la jikoni, livishe. La tatu, kabatini. Tukaenda hivyo mpaka mwisho wa ukurasa, na mimi sijaacha kuchambua mchele. Alinitazama kama nimeota pembe. Bibi yake aliyeishia darasa la nne, asiyejua kufungua simu yake mwenyewe! Nikaringa kidogo, sikufichi. Niliringa mpaka jioni.

Shule yetu ilikuwa na ukuta wa udongo uliokufika kiunoni, juu makuti, katikati upepo. Nyumba ya bibi ilikuwa karibu nayo hivi kwamba mwalimu akipiga chafya bibi anamwambia pona. Kila siku aliketi na sufuria yake ya mihogo ya kuchemsha nje ya ukuta wa darasa letu, anangoja mapumziko, na huku anangoja anasoma pamoja nasi. Kiingereza chake mwenyewe kilikuwa maneno mawili, njoo hapa na kaa chini, na yote mawili aliwaambia mbuzi.

Yule mwalimu hakuwa na cheti. Naomba hilo ulishike tangu sasa. Alikuwa mpishi wa bwana mmoja Mzungu kwenye mashamba ya mkonge, kule upande wa Ruvu. Mzungu akaenda zake kwao, mpishi akabaki na Kiingereza. Shule yetu haikuwa na mtu wa somo hilo, mwalimu mkuu akamkuta mahali, akamleta. Alitufundisha kama alivyojifunza, yaani kwa sufuria. Alituambia siku za kwanza alikuwa anamwambia mama Mzungu "I am wanting salt," na mama Mzungu anacheka mpaka anashika meza, chumvi hampi. Akawa anajiuliza kosa liko wapi, maana ninataka ndiyo ninataka. Mpaka siku moja, anafuta vyombo, akaona mwenyewe.

Akatuchorea ubaoni jiko na kabati. Wengi wetu kabati tulikuwa hatujaliona, kwetu vyombo vililala kichanjani nje na kuku wanapita juu. Alilichora na milango yake miwili na kitasa. Akasema, kuna maneno yako jikoni, yako motoni, unaweza kuyaona yanatoka mvuke: kukata, kuosha, kupika, kukimbia. Hayo yape ing, ndio mvuke wake. Na kuna maneno yako kabatini. Yamekaa. Kujua, kutaka, kuwa na kitu, kitu kuwa cha mtu. Hayo hayatoi mvuke, wala usiyawashie moto, utaunguza nyumba ya watu. Ukiwa na shaka, simama ulitende. Nioneshe unaosha. Darasa zima tukaosha sahani za hewani. Nioneshe unajua. Tukasimama tumekodoa macho kama bundi, mmoja akakunja uso, mwingine akajikuna, na mwalimu akasema mnaona? Mnaonekana wagonjwa tu. Kabatini.

Ile picha hakuna aliyeifuta. Mwalimu wa hesabu aliandika pembeni yake muhula mzima.

Tulicheka katika lile darasa, we acha tu. Siku aliyoweka kupenda kabatini, sauti ikaingia kutoka nje ya ukuta.

"Mtani, mapenzi umeyafungia kabatini? Ndiyo maana huna mke."

"Nimeyafungia kwa kuwa kijiji hiki kina Wazaramo," akajibu bila kugeuka, chaki inaandika. "Nikiyaacha nje nitayakuta ngomani."

Lakini bibi hakuridhika. Jioni anapika mbaazi za nazi huku ananung'unika kwamba kupenda ni kazi kuliko zote, sasa nani anaamka alfajiri kutwanga makopa ya muhogo ili hawa wapate ugali wa bada, kabati? Akanituma nimpelekee mwalimu swali hilo. Nikampelekea. Mwalimu akasema mwambie bibi yako kutwanga kuko jikoni, kinachomwamsha akatwange ndicho cha kabatini. Nilipompa bibi jibu akasema Mnyamwezi muongo. Ila kesho yake alimchagulia muhogo wa katikati, ule usio na nyuzi.

Halafu mwalimu mkuu akatusimamisha mstarini akatuambia mkaguzi anakuja. Hakutuficha, alikuwa mtu wa kusema mambo na watoto. Alisema mwalimu wenu hana cheti, mkaguzi asiporidhika huyu ataondoka, na wa kuja badala yake hayupo. Yule mwalimu alikuwa amesimama hapohapo pembeni, anatazama viatu vyake. Tulirudi nyumbani kila mtoto anaosha vyombo vya hewani njia nzima. Mimi hata bibi aliponiita kula nilimjibu kwa sentensi ya Kiingereza, akatishia kunipiga na mwiko.

Bibi naye aliuliza jambo moja tu, huyo mkaguzi ni mtu wa wapi. Mwalimu akamjibu hamjui, anasikia tu ni mtu wa bara. Bibi akasema vizuri sana. Sasa kwa bibi yangu dunia ilikuwa na pande mbili, pwani na bara, na bara yote mpaka inapoishia ilikuwa Unyamwezi. Laiti tungejua anawaza nini tungemfungia ndani na mbuzi.

Mkaguzi akaja. Gari lilikwama mchangani mbali kidogo, kwa hiyo alifika kwa miguu, jasho linamtoka, viatu vimejaa mchanga. Hakumsalimia mtu. Akaingia darasani, mwalimu mkuu nyuma yake, akavua kofia yake ya kaki, nzuri, ina ukingo mgumu, akaiweka juu ya ukuta, akafungua daftari lake. Tukasimama, tukamwamkia kwa Kiingereza. Akatukalisha. Hajauliza swali hata moja, mkono wa bibi ukapanda kutoka upande wa pili wa ukuta ukashuka na kofia.

Bibi akaivaa juu ya kitambaa chake cha kichwa. Akaiweka sawa.

Mkaguzi akasema, "Nani huyu?"

"Komboa, mtani," akasema bibi.

Mkaguzi alikuwa hajui anaambiwa nini. Kumbe kwao ni kando ya Ziwa, karibu na Bukoba, na watu wa huko hawana utani na sisi hata wa kuazima. Uso ukabadilika. Alimgeukia mwalimu wetu akasema amekagua shule nyingi lakini hajawahi kuvuliwa nguo, na kama nidhamu ndiyo hii hana haja ya kusikia Kiingereza chenyewe. Akafunga daftari.

Mwalimu akausogelea ukuta. "Mtani," akasema chini kwa chini, "huyu si wetu."

Sijawahi kumwona bibi yangu akiona haya, siku hiyo niliona. Mkono ulipanda kwenye kofia. Mkaguzi amekwisha kufika mlangoni. Na mwalimu, sijui wazo alilipata wapi, akamwambia bibi usiivue kwanza. Akatugeukia sisi, akauliza kwa Kiingereza, kwa sauti ileile ya kila siku, kofia iko wapi.

Mikono ikapanda yote. Ningependa kukuambia aliyechaguliwa ni mimi, na kwa miaka mingi wanangu niliwaambia ni mimi, Mungu anisamehe. Alikuwa jirani yangu wa dawati, binti mmoja mwembamba ambaye siku nyingine ukimwuliza jina analia. Alisimama, ameshika dawati kwa mikono yote miwili, akasema:

"Grandmother is wearing the hat. The hat belongs to the inspector."

Bibi anaivaa kofia. Kofia ni ya mkaguzi. Moja la jikoni, moja la kabatini, na yote mawili yamesimama mbele yetu yanaonekana. Mwalimu alinyoosha kidole kwa mwingine. Huyo akasema mkaguzi anaitaka kofia. Wa nyuma akasema mkaguzi amesimama mlangoni. Mwingine, mkaguzi ana daftari. Mwingine, mkaguzi anatoka jasho. Tukawa hatungoji kuonyeshwa, kila mtu anarusha lake, na hakuna hata mmoja aliyewasha moto kabatini. Mpaka mmoja akasema bibi anaipenda kofia, na darasa likavunjika kwa kicheko, na mwalimu mkuu pale alipo akageukia ukutani mabega yanamtikisika.

Mkaguzi alikuwa bado mlangoni. Alitazama ubaoni kwenye lile kabati, akatutazama sisi, akamtazama bibi na kofia. Kisha akarudi mpaka ukutani, akainama kidogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Sasa ndiyo umefika."

"Umeniambia nikomboe. Ukombozi wake ni nini?"

Bibi hakufikiri. "Mimi nina kofia yako, wewe una mtani wangu. Niachie wangu, uchukue yako."

Nimeishi sana, nimesikia watu wakiomba mambo makubwa kwa maneno mengi. Sijasikia ombi kama lile. Hata mkaguzi alicheka, meno yote nje. Akasema, mama, ingekuwa mimi ndiye mwenye nchi ningekukubalia hapahapa. Watoto wameniridhisha. Lakini kibali cha kufundisha hakitoki mfukoni mwangu, kinatoka wilayani. Nitamwandikia barua nzuri, aende nayo Kisarawe mwenyewe, wamwone, wakimpa kibali atarudi hapa kufundisha. Bibi akaivua kofia, akaifuta vumbi ambalo halikuwapo, akampa pamoja na muhogo na pilipili. Mkaguzi akaula amesimama. Akaomba wa pili.

Hapa inabidi nikwambie habari za baadaye, maana nikishafika mwisho sitaki kuongeza kitu. Mwalimu hakurudi. Kama walimpa kibali wakampeleka shule nyingine, au walimnyima akaona aibu, au alipata kazi ya jikoni mahali, sijui, na simjui anayejua. Kiingereza akakishika mwalimu mkuu, aliyekuwa mtu mzuri lakini alifundisha kwa orodha, ukariri ama uchapwe. Mimi nikaacha mwaka uliofuata. Hakuna aliyenifukuza, wala sikuolewa mapema kama mnavyodhani mnaposikia mwanamke wa zamani aliacha shule. Nilichoka tu. Nilikuja huku Kibaha na mume wangu, tukalima Kongowe, kisha tukajenga hapa Visiga, na kwa miaka mingi kila nikimwona mzee wa shati jeupe lenye makali ya pasi kwenye gulio nilimfuata mpaka nimwone uso. Mmoja alinidhania mwizi.

Chole nilikwenda mwaka juzi kwenye msiba. Shule ni ya matofali na bati, ina madirisha na nondo zake, vizuri kabisa, bibi yangu asingeweza kupitisha mkono. Kwenye msiba wenyewe hakuna mtani aliyekuja kulala jenezani. Vijana wameweka spika kubwa. Hapa mtaani nina jirani Msukuma, naye ni mtani wangu kabisa, nikamchukulia kanga yake kwenye kamba nikaivaa, nikakaa barazani nangoja matusi. Nikaitwa kwa mjumbe. Binti yangu aliniombea radhi kwa niaba yangu, mimi mwenyewe nacheka siwezi kusema. Siwalaumu. Lakini nasema wazi, dunia ya watu wanaoweza kuchukuliana vitu na kucheka nimeiishi, na ilikuwa tamu, na utoto wangu wote ukiufungua unatoa sauti ya watu wanaotukanana kwa furaha.

Basi asubuhi ile mwalimu alipita mbele ya nyumba yetu kwenda Kisarawe. Umande bado uko kwenye mchanga. Barua ya mkaguzi iko mfuko wa shati, inachungulia, shati lina makali. Sanduku lake hakulibeba. Bibi alikuwa anafagia uwanja, sisi tunakunywa uji. Akasimama, akaamkia shikamoo vizuri kabisa mpaka bibi akaingiwa na wasiwasi, halafu akachupa akamkamata jogoo. Jogoo wa pekee, yule mwekundu wa kutuamsha. Akamtia kwapani akaendelea na safari.

Bibi alimrushia ufagio. Akamrushia na kata ya maji. Alimwita mwizi, mpagazi, mla asali na nyuki wake, alimwita majina ya mababu ambao sijui aliwajulia wapi, na anacheka huku amejishika kiuno, na sisi uji unatutoka puani.

"Mrudishe kuku wangu, Mnyamwezi!"

"Nikirudi nitakuletea mfupa," akasema yeye, wala hakugeuka.

Alitembea katikati ya barabara pale mchanga ulipo mgumu, mwendo wake wa kila siku, mkia mwekundu umetokeza nyuma ya kiwiko. Akaipita shule. Akakata kona ya kuelekea Maneromango, akapotea, na jogoo akawika mara moja kutoka huko tusikomwona.